Kucheza, Kutayarisha, Kufundisha: Mwongozo Kamili kwa Mwigizaji wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi hakuna ofisi utakayoiachia picha yako Jumatatu, halafu Ijumaa ikupigie simu kwamba umepata nafasi ya kucheza. Kazi ipo, lakini haina mlango mmoja. Leo ni tangazo la sabuni redioni, kesho ni mchezo wa kuhamasisha watu juu ya kipindupindu, keshokutwa ni filamu fupi ya kijana aliyeazima kamera, kisha zinafuata wiki sita za kimya. Hizo wiki sita ndizo zinazowamaliza waigizaji wa mji huu. Wengi niliowajua wakiwa hodari leo wanauza mega za intaneti au wamekwenda Kolwezi kuchimba, na sijawahi kuwalaumu. Watoto hawali makofi ya watazamaji.

Mimi nimebaki kwa sababu nilijifunza kazi tatu: kucheza, yaani kuigiza, kutayarisha michezo na filamu, na kufundisha wengine kucheza. Kuzijua hakukuwa kugumu sana. Kugumu kulikuwa kuzitenganisha, kila moja iwe na siku yake, daftari lake na mfuko wake wa pesa. Nitakupitisha katika hatua kwa utaratibu ambao ningeufuata kama ningeanza leo, pamoja na mahali nilipoanguka.

Hatua ya kwanza: cheza tu, mwaka mmoja au miwili

Usianze na kampuni, nembo na kadi za jina. Anza kwa kucheza popote wanapocheza watu: kikundi cha parokia, mchezo wa mwisho wa mwaka wa shule, vijana wa mtaa pale Kenya (komini ya mji huu, si nchi) au Kamalondo, wanafunzi wa Unilu, chuo kikuu chetu. Nenda Halle de l'Étoile, nyumba ya Institut français katikati ya mji, uone wenzako wanafanya nini jukwaani. Fuatilia pia kazi za Picha, kituo cha sanaa kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi tangu mwaka 2008. Ile ni sanaa ya picha na video zaidi, sawa, lakini pale utakutana na watu wa kamera, na mwigizaji asiyejulikana na watu wa kamera atachezea kuta za nyumba yake.

Katika miaka hiyo jifunze kwanza urithi ulio mlangoni pako. Wazee wetu wamekulia kwenye Groupe Mufwankolo, wale waliochekesha Katanga nzima kwenye redio na televisheni kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Mwaka 1986, jimbo likiitwa Shaba, walitengeneza mchezo mzima kutokana na msemo mmoja tu, kwamba mamlaka huliwa mazima, wakaucheza mbele ya kamera za televisheni katika kijiji cha Kawama, si mbali na mji. Hawakuwa na maandishi ya mistari ya kukariri. Walibishana juu ya maana ya msemo, wakakubaliana nani ni chifu na nani ni mkulima, kila onyesho lianzie wapi na lifikie wapi, kisha maneno yakazaliwa mazoezini, kila mchezaji akileta ya kwake.

Fanya hivyo nyumbani. Tafuta mwenzako mmoja, chagueni msemo mnaousikia sokoni, andikeni mistari mitatu tu kwenye karatasi: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kinabadilika mwishoni. Chezeni dakika nne. Rudieni mara tano bila kuandika neno lolote, na kila mara badilisheni kitu kimoja, pengine mahali, pengine nani mwenye haraka. Ukishafanya zoezi hilo mara hamsini, hutaogopa tena mkurugenzi anayekuambia ghafla "endelea tu, usisimame".

Kuhusu lugha nitakuwa mkali kidogo. Kiswahili cha hapa ni mali, kitumie bila haya kwenye vichekesho na tamthilia za mji. Lakini mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akitafuta sauti ya Kiswahili, hatakuelewa ukisema "bale bantu banakuyaka", yaani wale watu huwa wanakuja. Jizoeze kusoma Kiswahili sanifu kwa sauti dakika kumi na tano kila asubuhi. Gazeti linatosha, Biblia inatosha. Kifaransa nacho kinahitaji zoezi, kwa sababu nafasi nyingi za filamu zenye pesa ya Ulaya huandikwa kwa Kifaransa. Na Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, iko kilomita tisini hivi tu kutoka hapa. Anayejua Kibemba na Kiingereza cha kuombea maji ana soko la pili ng'ambo ya mpaka.

Hatua ya pili: weka mwili na sauti tayari

Hapa sitakaa sana, kwa sababu kila mtu anajua la kufanya na hakuna anayelifanya. Nusu saa kila siku: tembea haraka au kimbia, nyoosha shingo na mabega, pumua kwa tumbo, soma kwa sauti ukiwa umeshika kalamu kati ya meno kisha bila kalamu. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi zina baridi kali na vumbi, usipige kelele kabla ya kupasha koo joto. Nilipoteza sauti siku mbili kabla ya onyesho kwa ujinga huo.

Hatua ya tatu: faili lako na video ya kujirekodi

Unahitaji vitu vinne: picha mbili, karatasi moja ya maisha yako ya kazi, video ya dakika mbili ya mambo uliyocheza, na uwezo wa kujirekodi haraka mtu akikuomba.

Picha ya kwanza ni ya uso, mwanga wa mchana, bila miwani ya jua, bila chujio la simu linalokufanya mweupe kuliko ulivyo. Ya pili ni ya mwili mzima. Wanaochagua waigizaji wanataka kumwona mtu atakayeingia mlangoni, na akija mwingine wanakasirika kwa haki.

Video ya kujirekodi ndiyo inayowaangusha vijana wengi, basi nitaieleza kipande kwa kipande. Simama mbele ya ukuta mtupu wa rangi moja. Kama huna, tandika shuka la rangi ya kijivu au bluu lililopigwa pasi. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe nyuma. Simu ilale kwa ubavu, isisimame wima, na iwe kwenye usawa wa macho yako. Ukikosa kishika-simu, panga madebe ya maziwa juu ya meza. Picha ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Mtu anayekusomea mistari ya mwenzako asimame kando kabisa ya kamera, umtazame yeye, usiitazame lenzi. Asome polepole na kwa sauti ya chini kuliko yako, maana yuko karibu na simu.

Rekodi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, ukiwa bado na jua, kwa sababu umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, hauna ahadi na mtu yeyote. Jioni utakuwa na giza, jenereta ya jirani na kwaya ya kanisa kwa wakati mmoja. Sauti ni nusu ya kazi. Maikrofoni ndogo ya kubana kifuani inatosha, na godoro lililosimamishwa nyuma ya simu linapunguza mwangwi wa chumba cha sementi.

Mwanzoni sema jina lako, urefu wako na mji unaokaa, basi. Usisimulie maisha. Toa matoleo mawili ya onyesho hilo hilo, moja kama ulivyoelekezwa, la pili ukibadilisha kitu kimoja. Ukituma kwa WhatsApp, ambatisha kama dokyumenti. Ukiituma kama video ya kawaida, programu inaibana na uso wako unafika umechakaa. Jina la faili liwe jina lako na jina la mhusika. Nimepokea faili zaidi ya mia zinazoitwa "video mpya mwisho kabisa". Nyingi sikuzifungua.

Na usiseme huku hakutazamwi. Marc Zinga, anayecheza filamu Ubelgiji na Ufaransa, na ambaye ni mwimbaji pia, alizaliwa Likasi. Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alianza kama rapa. Mwaka 2023 filamu yake ya kwanza ndefu ilipata tuzo ya sauti mpya kwenye tamasha la filamu la Cannes, katika kundi la Un Certain Regard, na Zinga ndiye aliyeshika nafasi kuu. Wote wawili walikulia Ubelgiji, najua, na njia yao siyo yetu. Ninawataja kwa sababu wote wawili wana kazi zaidi ya moja mikononi, na hakuna aliyewaambia wachague.

Hatua ya nne: kazi za katikati

Wiki za kimya zijaze na kazi zinazotumia chombo hicho hicho: sauti za matangazo ya redio, kuongoza harusi, michezo ya usalama kazini kwa makampuni ya migodi, michezo ya afya kwa mashirika. Kwa michezo ya kuhamasisha, jifunze mbinu ya Mbrazili Augusto Boal (1931–2009), ile ya jukwaa linalojadili. Mnacheza tatizo hadi linapoharibika kabisa, mnasimama, mnaanza upya, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupiga kelele "simama!" akaingia kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu suluhisho lake. Kwa watu wetu haihitaji maelezo mengi. Mama wa soko la Kenya hasubiri kualikwa mara mbili.

Bei? Uliza kwanza mambo matatu kabla ya kutaja hata franka moja: ni mara ngapi mtacheza, kazi itatumika wapi na kwa muda gani, nani analipa usafiri. Tangazo litakalopigwa wiki mbili kwenye redio moja na tangazo litakalozunguka mwaka mzima kwenye intaneti haviwezi kuwa na bei moja, hata kama ulitumia dakika kumi zile zile mbele ya maikrofoni.

Hatua ya tano: kuwa mtayarishaji

Utakuwa mtayarishaji siku utakapochoka kusubiri. Mimi nilianza vibaya. Shirika moja liliniomba mchezo wa usafi uchezwe Kenya, Katuba na Ruashi. Tulikubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono. Nikakodi gari, spika na jenereta, nikawaambia wachezaji saba kwamba pesa inakuja. Tukacheza siku tatu, watu walijaa hadi juu ya miti. Wiki iliyofuata yule aliyeniagiza akahamishwa mji, na aliyekuja mahali pake akaniuliza kwa upole sana, "Papa, iko wapi barua ya kuagiza kazi?" Haikuwapo. Nilitumia miezi minne kuwalipa wale saba kidogo kidogo, na wawili hawanisalimu mpaka leo.

Basi, utaratibu wangu wa sasa ni huu.

Anza na mradi mdogo wa kukutosha: wachezaji wawili au watatu, mahali pamoja, dakika nane hadi kumi. Pata maandishi, hata kama ni mpango wa kurasa mbili. Chukua kalamu za rangi na upige mstari chini ya kila kitu kitakachodai pesa au mtu: nguo, chakula kinacholiwa kwenye onyesho, gari, mvua, mtoto, mbuzi. Usicheke. Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe ana bei.

Kisha andika bajeti. Tuseme umepata dola 600. Wachezaji wanne 160, kamera, sauti na uhariri 150, chakula 80, usafiri 60, jenereta na mafuta 40, nguo na vifaa 30, ruhusa na nakala za karatasi 20, mega na vitengo (salio) vya simu 10, dharura 50. Hesabu imetimia. Umeona kilichokosekana? Mtayarishaji. Miaka mitatu nilitengeneza bajeti ambazo mimi mwenyewe simo, nikijiambia nitachukua kitakachobaki, na hakijawahi kubaki kitu. Weka mstari wako kuanzia mwanzo. Kama 600 hazikutoshi na wewe ukiwa ndani, punguza onyesho moja au omba 660. Andika pia kiwango cha dola kwa franka cha siku ile, maana mafuta na mboga utanunua kwa franka, na kiwango hakitakusubiri.

Malipo yagawe: nusu kabla ya kuanza, thelathini kwa mia siku ya kwanza ya kazi, iliyobaki siku ya kukabidhi. Bila ile nusu ya kwanza, usimwite mchezaji hata mmoja. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo. Ukilipa mkononi, risiti yenye sahihi. Hata kwa ndugu yako. Hasa kwa ndugu yako.

Kabla ya kupiga picha nje, pata karatasi yenye muhuri kutoka kwa wakubwa wa komini au wa mji kufuatana na mahali, na umwone chifu wa mtaa uso kwa uso. Karatasi hiyo itoe nakala tatu na kila mkuu wa kikundi abebe moja, kwa sababu polisi wa pembe hii hajui ulichokubaliana na wa pembe ile. Usielekeze kamera kwenye kambi ya askari, daraja au uwanja wa ndege hata kama jua linazama vizuri sana pale.

Majira nayo ni bajeti. Mvua huanza kushika mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, kwa hiyo kazi za nje huwa tunaziweka kiangazi. Lakini jihadhari na mwisho wake. Tulipiga nusu ya mazungumzo ya wapenzi wawili barabarani mwezi wa Julai, pesa ikakatika, tukamaliza Oktoba. Kwenye filamu, mwanaume anaongea chini ya mti mkavu, mwanamke anamjibu chini ya jakaranda iliyolipuka maua ya zambarau, na ardhi yote ni zambarau. Watu walidhani ni ushairi. Tulinyamaza.

Siku ya kazi, kila mtu awe na karatasi ya siku tangu jana yake jioni: saa ya kufika, mahali, maonyesho yatakayopigwa, nani analeta nini. Chakula kifike kwa wakati. Mchezaji atakusamehe kuchelewesha malipo siku mbili, lakini bukari (ugali) ikikosekana saa nane mchana, kazi imekwisha siku hiyo.

Hatua ya sita: karatasi

Kwa anayeanza peke yake, sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo imo ndani yake tangu mwaka 2012, ina hadhi ya mjasiriamali mdogo inayopatikana kwa kujitangaza tu, bila mzigo wa kampuni kamili. Uliza kwenye Guichet unique, ofisi ya serikali ya kuandikisha biashara. Wengine huchagua shirika lisilo la faida, kwa sheria nambari 004 ya tarehe 20 Julai 2001, kwa kuwa wafadhili hupenda kulipa mashirika. Ni sawa, ila kumbuka kwamba faida ya shirika la namna hiyo hamwezi kugawana. Mishahara na malipo ya kazi, ndiyo. Kugawana kilichobaki kama wenye hisa, hapana. Vikundi vingi vimevunjika kwa kutoelewa jambo hilo moja.

Haki za kazi zinalindwa na ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayohusu mtunzi na pia haki jirani za wanaocheza, na chama cha kukusanya haki ni SOCODA, kilichoanzishwa mwaka 2011. Lakini sisi tuna tatizo letu la pekee. Kama mchezo umezaliwa mazoezini, kwa mtindo ule wa wazee, mtunzi ni nani? Aliyeleta msemo, au mama aliyeongeza kicheko kilichobeba onyesho zima? Usisubiri mchezo upate pesa ndipo muulizane. Siku ya kwanza ya mazoezi andikeni ukurasa mmoja: majina ya waliomo, mgawanyo wa haki kwa mia, na nani anaruhusiwa kuuza. Wote watie sahihi, aliyekuja kuchungulia tu asitie.

Hatua ya saba: kufundisha

Usifundishe kabla hujacheza angalau miaka mitano na kutayarisha kazi mbili tatu. Wanafunzi watakulipa pesa ambayo mama zao wameitoa kwenye vitumbua.

Kundi liwe dogo, watu wanane hadi kumi, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, kila somo likichukua muda wa saa mbili. Lupango (ua wa nyumba) wenye kivuli unatosha. Wiki mbili za kwanza ni michezo ya kusikilizana na kutazamana, hakuna maandishi. Zoezi la kurudiarudia la Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, linafaa sana hapa. Wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anasema anachokiona kwa mwenzake, "umekunja mikono", mwingine anarudia, "nimekunja mikono", wanaendelea hadi sauti ibadilike yenyewe kwa sababu kitu kimetokea kati yao. Kwa Kiswahili zoezi hili linanoga, maana kitenzi chenyewe kinabeba nani na lini.

Wiki ya tatu hadi ya tano ni vitendo. Hapa nakuonyesha siku moja ya Katuba. Kijana mmoja alipaswa kucheza baba anayekwenda kwa muuza makala (makaa ya kupikia) aliyemkopesha mara mbili tayari. Aliingia analia. Kelele, mikono kichwani, machozi ya kweli kabisa. Nikasimamisha.

"Papa, si unaona niko nalia?"

"Niko naona. Sasa ule mama wa makala, iko wapi?"

Alikuwa amempa mgongo. Nikampa noti tatu za franka 500, nikamwambia: fungu ni 2,000, una 1,500, watoto wanangoja moto, na ukilia umeshindwa. Rudi, lete fungu.

Aliingia tena polepole. Akasalimia. Akazitoa noti, akazinyoosha moja moja juu ya paja, akaikunja ya mwisho katikati ili pembe zake zionekane nne. Akazihesabu haraka, akazisukuma mbele, mkono ukabaki juu yake. Msichana aliyecheza mama wa makala hakuutazama uso wake hata kidogo. Alitazama ule mkono. Akasema, neno ambalo hakuna aliyemwandikia, "Baba, hesabu tena, lakini polepole." Lupango mzima ukanyamaza, hata mafundi wa baiskeli waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta.

Kilichotokea pale Konstantin Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, alikishughulikia Moscow maisha yake yote: mpe mchezaji mazingira na jambo la kufanya, hisia zitamfuata. Ukimwagiza hisia, atakuletea kelele. Stella Adler, mwigizaji Mmarekani, alikwenda kufanya kazi naye Paris mwaka 1934, akarudi New York akipinga ile tabia ya kumchimba mwigizaji kumbukumbu za maumivu yake. Alisema mawazo na mazingira ya mchezo vinatosha. Nasimama upande wake, na hapa Kongo nasimama kwa miguu miwili. Miongoni mwa wanafunzi wako kumi, mmoja amekimbia vita, mwingine amezika mama mwezi uliopita na hajakuambia. Usimwombe akumbuke msiba wake ili onyesho lako lipendeze. Huna kazi ya kumponya, na hujui kufunga unachofungua.

Wiki tatu za mwisho ni maonyesho mafupi na kujirekodi kwa simu, ili kila mmoja aondoke na video anayoweza kuituma. Ukimwelekeza mtu, mwambie la kufanya, si la kuhisi. "Mzuie asitoke" ni maelekezo. "Kuwa na huzuni zaidi" si kitu. Kosoa jambo moja kwa zamu, ukitaja matano hatalishika hata moja.

Na sheria za mlango. Hakuna mazoezi ya watu wawili usiku. Hakuna mwanafunzi nyumbani kwako peke yake. Onyesho lenye kugusana hupangwa mbele ya wote, kila mguso ukitajwa na kukubaliwa kabla. Wasichana wa mji huu wanazo hadithi za walimu wa sanaa, na wazazi wao wanazijua. Mwalike mzazi anayetaka aje akae nyuma atazame.

Hatua ya nane: kazi tatu, siku zake na madaftari matatu

Mimi Jumatatu na Jumanne ni mtayarishaji: simu, bajeti, kufuatilia malipo. Jumatano na Jumamosi nafundisha. Alhamisi na Ijumaa ni za kucheza au kujiandaa kucheza, hata kama hakuna aliyeniita. Nafasi ikija inavunja ratiba, bila shaka, lakini ratiba ya kuvunjwa ni lazima iwepo kwanza. Pesa ya masomo haigusi filamu. Filamu ikikopa kwenye masomo, naandika kama ningemwandikia mtu baki, na tarehe ya kurudisha.

Kwenye kazi ninayotayarisha, sichezi nafasi kuu. Nimejaribu: ukiwa katikati ya onyesho la mapenzi unasikia jenereta inakohoa, na uso wako unaacha mapenzi unaanza kuhesabu lita.

Limebaki jambo la wanafunzi, ambalo ndilo linalovuruga hizi kazi tatu zaidi ya pesa. Ukitayarisha filamu, wataamini nafasi ni zao kwa kuwa wamekulipa ada. Waambie siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba ada hainunui nafasi. Tangaza usaili kwa kila mtu, na mtu wa pili akae nawe kuchagua. Mwanafunzi wako akipata kazi kwingine, usidai asilimia kwenye malipo yake. Kama unataka kuwa wakala wake, hiyo ni kazi ya nne na kontra (mkataba) yake ni nyingine.

Yule kijana wa makala tulikwenda naye usaili mmoja mwaka juzi, kwa nafasi moja, mimi na yeye. Walimchukua yeye. Usiku ule alinipigia simu, hajui aseme nini, akaanza kuniomba radhi. Nikamwuliza wanapiga picha lini na kama amesoma ukurasa wa malipo ya usafiri. Hakuwa ameusoma. Tukakaa kwenye simu mpaka vitengo vyake vikaisha, tunapitia kontra mstari kwa mstari.